Grili Mpya kwa Bampa Lile Lile

Jumanne, 26 Agosti

Muuza spea ni mwongo! Naandika hapa kwa sababu mke wangu amenisikiliza mara tatu, na ya nne amesema atahamia jikoni.

"Mzee, hizi ni za gari lako hasa. Unapachika tu." Ndivyo alivyoniambia, mkono kifuani kama anayeapa. Unapachika tu! Leo nimefungua boksi mezani. Grili tatu za wavu mweusi — moja pana ya katikati, mbili ndogo za pembeni. Nzuri, sikatai. Lakini hazina tundu hata moja la skrubu. Hazina masikio ya kushikia. Na maelekezo ni kikaratasi chenye picha ya gari jingine kabisa.

Nikampigia. Eti ah, mzee, hizo si za kampuni, na bampa lako ni la kiwandani, lazima ukate kidogo. Kukata kidogo! Ulimi wake ndio wa kukatwa kidogo.

Grili ya zamani haiuzwi peke yake. Inauzwa na bampa zima, na bampa zima halipatikani. Nimezunguka maduka mpaka soli zimelainika. Mbavu nne za grili hiyo zimevunjika, zote upande wa kushoto. Gari limekuwa kibogoyo. Kila nikilitazama damu inapanda kichwani.

Mke wangu — mkono kwenye plasta, wiki ya nne hii — ameuliza kwa nini nisilipeleke gereji. Sitaki gereji! Fundi akiona bampa limevunjika huuliza limevunjikaje, na akishajua yeye, mtaa mzima umejua kabla chai haijapoa. Miaka thelathini na minne nimeendesha lori, sijagonga hata kuku. Madereva wenzangu waliniita Kinyonga, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kila upande. Nitafunga grili zangu mwenyewe, hapa hapa uani kwangu. Basi.


Jumatano, 27 Agosti

Kutoa bampa. Kazi ya saa moja kwa mtu anayejua. Imekula asubuhi yangu nzima.

Skrubu za kwenye matao ya matairi, tatu kila upande — sawa. Za chini zimeshikwa na kutu. Nimezipaka mafuta, nikasubiri, zikatoka. Lakini juu, chini ya boneti, kuna vibanio vya plastiki, vile vya kubonyeza katikati ndipo vichomoke. Vidogo kama punje za mahindi. Nani alibuni vitu hivi? Mtu asiye na vidole? Vilikuwa tisa. Nikaviweka kwenye kifuniko cha kopo, kushoto kwangu, pale pale nilipopiga goti. Kugeuka — kifuniko hakuna. Kupapasa — nikakipiga kwa kiwiko, vyote vikatawanyika kwenye changarawe. Nimeokota sita.

Hapo ndipo kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. Tunamwita Mkaguzi. Hajakagua chochote maishani, alikuwa karani wa bohari, lakini hakuna kinachopita mtaa huu bila yeye kukipa kibali. "Kingine hicho hapo, mzee, karibu na goti lako. Kushoto. Hapana, kushoto! Unakikanyaga!"

Nikamwambia jua linaniumiza macho. Akatazama juu. Mawingu matupu.

Kisha kwa sauti ya asali: hivi geti lenu lilipindaje?

"Upepo," nikasema.

"Upepo," akasema. Akashuka ukutani.

Bampa limetoka. Limelala kwenye godoro kuukuu. Gari bila bampa ni aibu tupu, kama mtu aliyenyang'anywa shuka.


Alhamisi, 28 Agosti

Mvua. Hakuna kazi. Nimegombana na redio.


Jumamosi, 30 Agosti

Binti yetu alikuwa hapa. Ni mwalimu wa hesabu, na hata salamu anaitoa kama anasahihisha mtihani. Amemwosha mama yake nywele, amefagia, amefua, kisha akaja uani akasimama mbele ya bampa, mikono kiunoni.

"Baba, hili lilivunjika lini?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi. Niligusa nguzo ya geti."

"Mama naye alivunjika mkono mwanzoni mwa mwezi."

"Mama yako aliteleza bafuni."

"Najua. Ameniambia. Kwa maneno yale yale uliyoniambia wewe kwenye simu, hata moja halikupungua."

Nikawaka! Nikamwambia mimi si mwanafunzi wake, nimekula chumvi nyingi, sisimamishwi uani kwangu nikaulizwa tarehe. Akasema, "Sawa, Baba." Ile sawa ya walimu, ambayo maana yake ni sifuri.

Mama yake akatuita chai. Hapo sasa. Nilinyoosha mkono kuchukua sukari, kikombe cha binti kikaruka. Chai yote juu ya madaftari aliyokuja nayo kusahihisha. Nani anaweka kikombe pale? Nani anaweka kikombe kushoto kwa mtu, ukingoni mwa meza, kama mtego? Nikasema hivyo, na nikasema kwa sauti. Hakuangalia hata madaftari. Alikuwa ananiangalia mimi. Mama yake alikuwa anaangalia kitambaa cha meza.

Wakati wa kuondoka akanivuta kando. Baba, nenda ukapimwe macho. Nikamwambia nilishapimwa, ni mazima kama ya kipanga. Uwongo ule ulinitoka laini kuliko mate.


Jumapili, 31 Agosti

Mke wangu amekwenda kumwona dada yake. Niko peke yangu na bampa. Basi niandike, maana hata humu nimekuwa nikidanganya, na humu hakuna anayesoma!

Tarehe 2 Agosti. Tulikuwa tunakwenda sokoni. Alifungua bawa la kulia la geti, akaenda kusukuma la kushoto kuelekea nje. Mimi niliona njia nyeupe. Naapa niliona njia nyeupe! Nikaachia klachi. Kishindo. Bawa la geti likaruka na yeye nyuma yake. Nilipomfikia alikuwa amekaa barabarani, kiganja kimegeukia upande ambao kiganja hakigeukii. Hakulia. Alisema, "Mzee wangu, hukuniona?"

Nikasema, "Umetokea ghafla."

Mtu anayesukuma geti lake mwenyewe, kwa mwendo wake wa miaka arobaini! Nikamwambia ametokea ghafla.

Hospitali daktari akauliza imekuwaje. Nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia: nimeteleza bafuni. Hata hakunitazama. Tangu siku ile hajadai shukrani na mimi sijatoa. Badala yake nilimkasirikia. Mtu ananiokoa, namkasirikia!

Na kuna lingine, kubwa zaidi. Januari nilikwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni. Daktari akanikalisha mbele ya mashine, nikawa nabonyeza kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Nilidhani nimebonyeza vizuri sana. Akanionyesha karatasi — upande wa kushoto ni mweusi, kama karatasi iliyoungua. Presha ya macho, akasema. Inaanza kula pembeni, polepole, mwenyewe hujui. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, kilichobaki tunakilinda kwa dawa. Na kuendesha gari, mzee, ndiyo basi. Una mtu nyumbani wa kumweleza?

Nikasema ninaye.

Karatasi niliikunja nikaitia chini ya tairi la akiba. Dawa niliitia wiki mbili. Ikanichoma, nikaacha. Leseni ya zamani bado ilikuwa na miezi.

Januari mpaka Agosti. Nimehesabu kwa vidole sasa hivi. Nimehesabu tena nikidhani itapungua.

Nimekasirika, na sijui namkasirikia nani.


Jumatatu, 1 Septemba

Nimekata!

Mbavu za zamani lazima zitoke zote, ndipo wavu ukae kwa nyuma na kuonekana kupitia tundu. Msumeno wa chuma, wembe wake tu bila fremu, nimeuzungushia kitambaa pa kushikia. Mke wangu amechora mstari kwa chaki, akalikandamiza bampa kwa goti na kwa mkono wake mzima. Kulia nimekata safi, ungesema kiwandani. Kushoto — nilikuwa naangalia meno ya msumeno, mstari ukaniponyoka pembeni, nikala ukingo wa bampa lenyewe. Urefu wa kidole gumba!

Nikatupa msumeno. Nikamtukana muuza spea. Nikakitukana kiwanda. Nikaitukana chaki.

"Chaki imekukosea nini?" akauliza.

Nikacheka. Sikutaka, lakini nikacheka, naye akacheka, tukawa wazee wawili tunacheka juu ya godoro. Kisha akaniuliza, kicheko bado usoni: "Mstari uliuona lakini?"

"Niliuona."

Akachukua msasa, akaanza kusugua pale nilipoharibu, kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka plasta yake ikawa nyeusi kwa vumbi la plastiki. Pengo limebaki, lakini ukingo wa wavu utalifunika. Yeye ndiye aliyeliona hilo, si mimi.


Jumatano, 3 Septemba

Leo ilikuwa kazi ya masikio. Kwa kuwa grili hazina pa kushikia, nimekata vipande vya bati, nimevikunja, nimevitoboa kwa drili — vinane vya grili ya katikati, vinne vinne vya pembeni. Kazi nzuri. Nikawa naimba. Yaani natukana kwa sauti ya wimbo, kama nilivyozoea na lori likipanda mlima. Muuza spea nimemtungia beti tatu.

Nikanyoosha mkono kushoto kuchukua nati. Vidole vikagusa nguo.

Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto! Alikuwa mke wangu. Amesimama pale pale, hatua moja, ameshika kikombe cha maji.

"Umekuja saa ngapi?"

"Kabla hujaanza ubeti wa pili."

"Unaninyatia?"

"Sikunyata. Nimekuja na kandambili zangu, nimesimama hapa, nimekupungia mkono. Huu wa plasta. Nimekupungia mara tatu, mzee wangu."

Nilitaka kusema jua. Nilitaka kusema drili. Visingizio vilijipanga mdomoni kama watu kwenye foleni ya maji. Sijui kwa nini ikatoka kweli. Labda nilichoka kuvibeba. Nikamweleza habari ya Januari — mashine, nukta, karatasi iliyoungua upande. Nilidhani atalia. Nilidhani atanishika bega. Nilikuwa nimekwisha lilegeza bega!

Akaweka kikombe chini. Polepole.

"Januari," akasema.

"Januari."

"Ulijua tangu Januari. Agosti ukaniambia nimetokea ghafla."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta drili.

"Nimemdanganya daktari. Nimemdanganya mwanangu mwenyewe. Nilidhani nafunika ajali ya mume wangu. Kumbe nafunika uwongo wake."

Sauti ile sijawahi kuisikia. Haikuwa kubwa. Afadhali ingekuwa kubwa! Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu. Nikasema yeye hawezi kuelewa. Nikasema nikiacha usukani nabaki nani, mlinzi wa kuku? Nikasema hajui maana ya kuaminiwa na gari la tani thelathini, yeye hata baiskeli hajawahi kuendesha.

"Kweli," akasema. "Usukani siujui. Najua uzito wa geti."

Akaingia ndani. Maji nikayanywa mimi. Nadhani yalikuwa yangu.


Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya tatu hatuzungumzi. Yaani anasema — chakula kipo, funga mlango, simu yako inalia. Hayo si mazungumzo, hayo ni matangazo ya stesheni!

Nimefunga grili ya katikati peke yangu. Mpira mweusi kuzunguka ukingo wote, ili wavu usigonge plastiki na kupiga kelele barabarani. Kisha masikio, kisha bolti ndogo na nati kwa nyuma. Bolti unaingiza kwa mkono huu, nati unaipeleka kwa mkono ule, na katikati hakuna anayeshikilia wavu usicheze. Mkono wa tatu ulikuwa ndani, unakunja nguo. Nati mbili zimeniangukia, sikuzitafuta. Nimechukua nyingine. Nina kopo zima la nati! Sitaki kupiga magoti na kupapasa tena, wala kuonekana.

Dawa ya macho nimeitafuta kabatini. Imepitwa na wakati. Nimeitupa, halafu nikakasirika kwamba nimeitupa.


Jumamosi, 6 Septemba

Binti amekuja. Amekwisha ambiwa. Nilijua alipovua viatu bila kunisalimia kwa utani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga. Alikaa mbele yangu, karibu, katikati kabisa, akasema miadi ya daktari wa macho ni Jumatatu tarehe 15, yeye atanipeleka, ameomba ruhusa kazini. Kisha akasimama akauchukua ufunguo wa gari msumarini.

"Rudisha."

"Baba, sikunyang'anyi. Nakuomba."

"Mtu anayeomba hachukui kwanza! Kuendesha nilikufundisha mimi!"

"Ndiyo. Ndiyo maana najua vizuri unachokosea."

Nilipiga meza. Mkono bado unauma. Nikamgeukia mke wangu: nawe umekaa tu, unamwona mwanao ananivua nguo nyumbani kwangu? Akaendelea kuchambua maharage kwa mkono mmoja. Mabovu huku, mazima kule. Nilimwona anaweka bovu kwenye mazima, akalirudia.

Kuna ufunguo wa akiba, ndani ya kiatu changu cha kazi. Binti hajui. Mama yake anajua. Hakusema kitu. Tangu mchana najiuliza kwa nini hakusema, na kila jibu linaniudhi.


Jumanne, 9 Septemba

Limerudi! Bampa limerudi mahali pake, na grili zake tatu!

Peke yangu nisingeweza. Bampa ni refu, ukishika huku kule kunaning'inia, nyaya za taa za ukungu zinavutika. Nilijaribu mara nne. Mara ya tano ncha ya kushoto ikainuka yenyewe. Mkaguzi. Hakuomba ruhusa, alipitia geti lililopinda, akashika. Tukaingiza pamoja, tak, tak, tak, mpaka kwenye pembe. Vibanio vilivyopotea nimeweka skrubu badala yake. Hazionekani.

Tukarudi nyuma kutazama. Mweusi juu ya gari la rangi ya fedha. Wavu umekaa ndani ya tundu kana kwamba ulizaliwa humo. Pale nilipokata vibaya, huoni kitu. Ni kazi nzuri. Siandiki kwa kujisifu, ni kazi nzuri! Nilisikia kifua kinapanuka, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Mkaguzi naye akalisifu. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo. Halafu, bado ameinama, hanitazami: "Mzee, ile siku ya upepo nilikuwa hapo ukutani."

Nikaanza kukusanya spana.

"Niliona yote. Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Lakini mke wangu anapita barabara hii kila asubuhi na fimbo yake, na wewe unajua mwendo wake." Akajifuta mikono. "Grili zimependeza. Ila grili haioni, jirani."

Akaondoka kwa kupitia geti lile lile. Wiki tano amelala na jambo langu, na mimi nilimwambia upepo! Nilitaka kumrushia spana. Nilitaka kumwita arudi anywe chai. Sikufanya hata moja.


Ijumaa, 12 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya gari. Limesimama kando ya barabara, injini imezimwa. Mikono inahitaji kitu cha kufanya, na daftari lilikuwa kwenye mfuko wa mlango wa gari. Niandike upesi, kwa mfuatano.

Leo ni siku ya kukatwa plasta. Miadi saa nane. Binti alikuwa atupeleke. Saa saba akapiga simu — kikao cha shule hakijaisha, tukodi teksi, yeye atatukuta huko huko. Nikasema sawa. Nikakata simu. Nikaenda kwenye kiatu.

Mke wangu alikuwa barazani, amevaa, mkoba begani. Akaona ufunguo mkononi mwangu. Nikasema, dakika kumi na tano tu, njia naijua kama kiganja changu, na gari linang'aa, teksi ya nini? Nilidhani ataingia ndani. Akashuka ngazi, akafungua mlango wa abiria.

"Sipandi kwa sababu nakuamini," akasema. "Napanda kwa sababu ukienda peke yako utaua mtu."

Geti hakufungua. Nililifungua mimi mwenyewe, mabawa yote mawili.

Njia nzima alikuwa anasema. Kushoto baiskeli. Kushoto mtu na ndoo. Kushoto gari linatoka, ngoja. Ngoja! Haya, pita. Kama mtu anayemsomea kipofu barua. Nilikuwa nachemka. Nikamwambia nyamaza, naona! Akasema, "Ile ya bluu ni nini?" Ya bluu ipi? "Basi," akasema. Akaendelea: kushoto pikipiki. Kushoto watoto, wamesimama, sawa.

Tulipokaribia mzunguko akafungua mkoba kutafuta kadi ya hospitali. Kuinamia mkoba, tuseme sekunde nne. Kwa mkono mmoja, mkoba una zipu. Sekunde tano.

Kisha akapiga ukelele. Sio jina langu, sio neno. Ukelele tu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na papo hapo nikasikia kiganja kikipiga boneti, paa! Na mbele yangu akatokea mwanamke mzima, mwenye mwavuli. Hakutokea. Alikuwepo. Yuko kwenye kivuko, kwenye mistari myeupe, anavuka toka kushoto. Akapepesuka, akaenda chini kwa magoti mbele ya gari langu, nikawa simwoni tena, naona ncha ya mwavuli tu.

Ndipo mke wangu akashuka. Kabla yangu. Na plasta yake.

Mwanamke amesimama, ashukuriwe Mungu. Goti limechubuka, damu kidogo, hakuna kilichovunjika. Amekaa ukingoni mwa barabara, mke wangu kamkumbatia kwa ule mkono mgumu. Watu wamejaa. Mmoja alinipigia kelele: mzee, umelala? Mwingine akanisukumia gari kando, nikashika usukani kama mwanafunzi. Mwanamke ananitukana vizuri, bila kurudia tusi. Namsikiliza. Ana haki ya kila moja.

Nimekasirika kiasi kwamba meno yanauma. Nilitaka kumkasirikia yeye na mwavuli wake. Zipu ya mkoba. Kikao cha shule. Muuza spea! Nimewapitia wote, mmoja mmoja, na hasira inawapita bila kusimama.

Mke wangu amekuja dirishani sasa hivi. Upande wangu, ili nimwone. Kilemba kimelegea. Amesema askari wa barabarani ameitwa, anakuja.

Nikamwambia, "Mama, wewe utasema—"

"Safari hii sisemi kitu," akasema. "Nitasimama pale. Nitasikia utakachosema wewe."

Na amekwenda kusimama pale. Namwona. Askari naye namwona, anavuka barabara, kofia nyeupe, kitabu mkononi, amenyooka katikati ya kioo. Hata nikitaka kusema simwoni siwezi. Watu wanampisha. Ameinama dirishani. Anagonga, nateremsha kioo.

"Shikamoo, mzee. Hebu nieleze. Ulimwona huyu mama?"

Nimemwomba anipe dakika nimalize kuandika. Amekubali, sijui kwa nini. Mke wangu hajaondoa macho. Nimefungua mlango, na nimemwambia: hapana, afande, sikumwona, macho yangu hayaoni kushoto, na nilijua tangu Januari.